Ngumi ya Baba na Ngumi ya Tipa

Harufu inayonirudisha Nyasho, mtaa wetu wa Musoma, enzi za utoto wangu, ni ya damu ya ng'ombe iliyochanganyika na mafuta ya kuchua misuli. Damu ilitoka buchani kwa baba, mafuta yalitoka kwenye kichupa cha kijani alichokiweka nyuma ya mlango wa chumba chao, na vyote viwili vilikutana jioni kwenye mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, yenye vifundo vilivyotuna kama tangawizi. Kutwa nzima ilishika shoka la kukatia mifupa, na jua lilipoanza kuinamia ziwani, mimi ndiye niliyeiandalia beseni la maji ya moto yenye chumvi. Baba alikaa kwenye benchi uani, mimi kwenye kigoda mbele yake, akaitumbukiza mikono ile, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Kisha alianza kusimulia. Dada zangu wawili walikuwa wameshaolewa, mama alikuwa jikoni anakaanga sato wa kuuza, kwa hiyo hadithi zote zilikuwa zangu peke yangu. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Nilidhani beseni lile lilitosha.

Jina lake ni Bwire, lakini watu wa rika lake walimwita Sururu. Katika ujana wake alipigana ngumi za uzito wa juu, zama zile ambazo kila kiwanda kilikuwa na timu yake, na bondia akishinda alibebwa mabegani kutoka ukumbini mpaka nyumbani kwao. Walimwita Sururu kwa sababu mkono wake wa kulia haukusukuma mtu, ulimchimba. Mimi sikuwahi kumwona ulingoni. Alitundika glavu kabla sijazaliwa. Nilimjua kwa midomo ya wanaume waliokuja buchani kununua nusu kilo ya utumbo wakakaa mpaka mchana. Jirani na bucha palikuwa na kibanda cha video cha mtu mmoja aitwaye Mafuru, mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko redio. Mafuru alikuwa na mikanda ya mabondia wa Marekani, wa zamani waliopigana katika picha nyeusi na nyeupe wakiwa wamevaa kaptula zilizopanda hadi kitovuni, na wa siku zile waliong'aa kwa jasho na rangi. Majina yao wanaume wa Nyasho waliyapinda mpaka yakawa kama ya Wakwaya wa kwetu. Kila onyesho lilipokwisha walihamia buchani kwa baba kubishana: je, wa zamani angemwangusha wa sasa? Mmoja alisema wa zamani walivaa glavu nyembamba na kupigana raundi zisizo na mwisho, mifupa yao ilikuwa ya chuma. Mwingine alisema wa sasa wanakula vizuri na wana miili ya nyati, ngumi yao moja ingemtoa mzee yule nje ya picha yake. Ubishi ukichacha walimgeukia baba. Naye aliweka shoka chini na kusema, "Ngumi haitoki mkononi. Inatoka kisiginoni, inapanda kiunoni. Mkono ni mlango tu wa kutokea." Ubishi uliishia hapo, na mimi, niliyekuwa nafukuza nzi kwa kipande cha boksi, nilijiona mtoto wa mfalme.

Mwaka niliokuwa darasa la tano akaja Tipa. Jina lake la nyumbani lilikuwa Masatu, kijana wa Bunda aliyekuza kifua chake kwa kupakia marobota ya pamba kwenye malori. Alihamia Nyasho ili awe karibu na mapambano ya mjini Musoma, akapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Pambano lake la kwanza mjini kwetu lilifanyika uwanjani mchana kweupe. Mpinzani wake alikuwa askari mwenye shingo kama gogo, na watu wanasema alipopigwa alizunguka kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, halafu akalala. Kuanzia siku hiyo ubishi wa buchani ulibadilika. Wamarekani wakaachwa kwenye mikanda yao. Sasa swali lilikuwa moja: Sururu enzi zake na Tipa wa leo, ngumi ya nani nzito? Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wanaume wale wale waliokula mifupa ya baba bila kulipa walianza kusema Tipa angemmaliza Sururu raundi ya pili. Mafuru alisema mbele yake, huku akichokonoa meno, "Samahani Sururu, lakini mla ni mla leo. Mla jana kala nini?" Baba alicheka. Mimi nilikuwa nauona mkono wake ulioshika shoka, na mkono ule haukucheka.

Ningemchukia Tipa kwa raha zangu kama angekuwa na majivuno. Lakini alikuwa mpole. Alikuja nyumbani siku moja na kilo mbili za sukari, akasalimia kwa kuinama, akamwambia baba, "Shikamoo mzee. Mimi napigaga kwa nguvu tu, sina ujuzi. Nimekuja unifundishe." Neno "mzee" lilimchoma baba, nililiona likimchoma, lakini alikubali. Gunia lilijazwa pumba na mchanga likatundikwa uani kwenye mti wa mpera. Kila jioni baba alimshika Tipa kiuno, akamgeuza, akampiga teke kisiginoni, "Kutoka hapa! Kutoka hapa!" Na mazoezi yalipokwisha, baba aliniita, "Nyamisi, lete maji." Nilileta. Aliyetumbukiza mikono alikuwa Tipa, na aliyekaa kwenye kigoda mbele yake, akimkanda kidole kimoja kimoja, alikuwa baba. Mimi nilisimama na birika. Hadithi zilisimuliwa, tena zile zile, lakini sasa zilipita juu ya kichwa changu zikaenda kutua kwa mtu mwingine. Nilijua wivu kabla ya siku hizo, wivu wa nguo na wa pipi. Huu ulikuwa wa aina nyingine.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na mama alilijua hilo kabla yetu. Aliwatazama kutoka jikoni, akasema bila kumlenga mtu, "Mwanaume anayemnoa mwenzake huku anatamani kumvunja makali, mwisho atajikata." Alikuwa sahihi. Baba alimpenda Tipa, na baba alimwonea Tipa wivu, na mambo haya mawili yalikaa ndani yake kwa pamoja. Gunia lilipoyumba kwa ngumi ya kijana, nilimwona akitabasamu, kisha tabasamu likikauka. Tipa akishaondoka, alibaki analitazama gunia. Kuna mara alilipiga, akidhani hakuna mtu. Halafu alijishika bega, akaingia ndani.

Aliyewasha moto alikuwa Mafuru. Siku moja aliingia buchani akipiga makofi kama mtu aliyeokota dhahabu. Alisema amekumbuka kwamba yupo mtu mmoja mkoani mwetu aliyeangushwa na wote wawili: Magige wa Butiama. Akiwa kijana alipigwa na Sururu, na miaka mingi baadaye, katika pambano lake la mwisho kabisa, alipigwa na Tipa. "Sisi tunabishana bure," Mafuru alisema. "Shahidi wa ngumi ni aliyepigwa." Baba akamwambia aache upuuzi, atoke watu wanunue nyama. Lakini shule zilipofungwa, siku ya mnada wa ng'ombe Butiama, baba aliniambia nivae viatu nimsindikize kununua fahali. Hakumwambia Tipa. Nilipanda mbele kwenye pikapu ya kukodi, nikabanwa kati ya baba na dereva, na moyo wangu uliimba njia nzima. Niliomba kimoyomoyo, kwa sala tuliyofundishwa Sunday school, kwamba Magige aseme ni baba.

Fahali alinunuliwa haraka kuliko kawaida. Kisha tukatembea hadi nyumbani kwa Magige, nyuma ya mawe makubwa, mahali palipojaa harufu ya mavi ya ng'ombe na maziwa ya mgando. Alikuwa pande la mtu lililoanza kulegea, na ukimsemesha alikugeuzia sikio la kushoto kwa sababu la kulia lilikuwa halisikii tena. Alimkumbatia baba, akaniwekea mkono kichwani, akaita mkewe alete maziwa. Waliongea mvua, malisho, wezi wa mifugo. Baba alizunguka weee, mpaka maziwa yakaisha. Mwishowe alisema, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokitaka, "Hivi Magige, ulishawahi kupigana na yule kijana wa Bunda?"

Magige akacheka mpaka kifua kikatikisika. "Ndiyo kilichokuleta! Nilijua siyo ng'ombe." Kisha akaacha kucheka. "Bwire, ngumi yako naikumbuka mpaka leo. Naikumbuka ikija, naikumbuka ikifika. Nilikuwaga nikilala naiota. Lakini ya yule kijana siikumbuki. Nilikuwa nimesimama, halafu nikawa nimelala kwenye benchi na mama watoto ananipepea kwa khanga. Katikati hapo hamna kitu." Alimtazama baba usoni, na niliona raha ndogo machoni mwake, raha ya mtu aliyengoja muda mrefu kulipa. "Iliyo nzito ni hiyo usiyoikumbuka, ndugu yangu."

Nilitamani yale maziwa yageuke siki tumboni mwake. Ndipo mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kibuyu, alipoingilia. "Acha uongo, Magige. Ulipopigwa na shemeji ulikuwa kijana, una meno yote. Ulipopigwa na Tipa ulikuwa na mvi, na asubuhi yake uliamka unalalamika magoti. Utapimaje kwa mzani uliochakaa?" Magige akamwambia aende akaangalie ndama. Mimi nilitaka kumrukia mama yule nimbusu mikono. Jibu lilikuwa limepatikana, na lilikuwa zuri: hakuna anayeweza kujua, kwa hiyo hakuna aliyemshinda baba. Nilimgeukia baba nifurahi naye. Alikuwa anatazama sakafu. Alisema, "Asante shemeji," akasimama. Tukapanda pikapu, na tulipofika njiapanda ya Makutano akanigeukia. "Umesikia alichosema?" aliniuliza. Nikasema nimemsikia mke wake. Akatikisa kichwa. "Yule amenihurumia tu, mama." Baba aliniita mama kila alipokuwa na huzuni.

Wiki zilizofuata alimfundisha Tipa kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. Pambano kubwa lilikuwa linakuja Bunda, nyumbani kwao kijana, dhidi ya bondia kutoka Mwanza, na ilisemekana mshindi angechukuliwa kwenda kupigana Dar es Salaam. Nyasho nzima ilijipanga kwenda. Jumamosi moja alasiri, mama akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Tipa alikuja akavaa glavu na kulifuata gunia. Baba akamzuia. Alikuwa amevua shati, na kwa mara ya kwanza nilimwona amevaa glavu zake za zamani, zilizopasuka ngozi.

"Leo acha gunia. Nataka nikupige mimi."

"Mzee, tufanye tu ya kawaida."

"Nikupige moja. Halafu uniambie uzito wake. Wewe hunidanganyi."

Tipa alitabasamu. Alidhani ni mchezo, au pengine alielewa kila kitu na akaamua kumpa mzee anachokitaka. Alisimama wima, akashusha mikono hadi kifuani. "Haya, baba. Piga." Hakuwahi kumwita baba kabla ya hapo. Sijui neno lile lilimkuta mkono ukiwa wapi. Ninachojua ni kwamba niliona kisigino kikisukuma vumbi, kiuno kikigeuka, na sikuona mkono kabisa. Nilisikia tu, mlio mkavu, kama wa muwa unaovunjwa gotini. Tipa hakuyumba. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, halafu akalala ubavu, na kidevu chake kilikuwa kimekwenda mahali ambapo kidevu hakiendi. Furaha niliyoipata katika kile kitambo kidogo ni kubwa kuliko zawadi yoyote niliyopewa utotoni. Baba yangu ndiye mzito! Nilikuwa nimefungua mdomo nishangilie. Kisha nikamwona baba amepiga magoti, amekipakata kichwa cha kijana yule, anamwita kwa jina la nyumbani, "Masatu! Masatu, mwanangu!" Na ile furaha ikafa mdomoni, kwa sababu hakuna siku aliyoniita mimi kwa sauti ile.

Taya lilivunjika sehemu mbili. Hospitali walilifunga kwa nyaya, na Tipa alipoulizwa alijieleza kwa ishara kwamba ameanguka na baiskeli. Alimwambia hivyo daktari, akamwambia hivyo Mafuru, akawaambia hivyo ndugu zake waliotoka Bunda wakiwa wamejaa hasira na fedheha. Hakubadilisha. Mama peke yake hakudanganyika. Alimtazama baba mkono wake wa kulia uliovimba, akasema, "Baiskeli hiyo nayo ilikuwa na vifundo?" Hakuuliza tena. Bunda walimtafuta mtu mwingine wa kupigana, na aliyekwenda Dar es Salaam alikuwa yule wa Mwanza. Tipa alihamia nyumbani kwetu. Baba alimtengenezea uji mwembamba wa ulezi, akauchuja kwa kitambaa, akamnywesha kidogo kidogo kwa mrija, asubuhi kabla ya kwenda buchani na jioni akirudi. Mama alipotaka kumpokea alikataa. Nilikaa mlangoni nikawatazama. Nilimwonea wivu mtu mwenye nyaya mdomoni. Nilitamani nivunjike kitu, chochote, mguu hata.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa buchani. Ubishi haukukoma, ila sasa haukuwa na pande mbili. Tipa alionewa huruma, na huruma ikamwongezea uzito. "Angekwenda Bunda angeua mtu," walisema. "Sururu alikuwa mzuri kwa zama zake, lakini kwa huyu? Asingesimama." Baba alikuwa anakata mifupa kwa mkono wa kushoto, akidai wa kulia una baridi yabisi, na alikuwa anawasikiliza. Duniani kulikuwa na watu watatu tu walioiona ngumi ile, na mmoja hakuweza kufungua mdomo. Siku moja, wateja walipotoka, nilishindwa. Nililia. "Baba, waambie! Si ulimwangusha? Waambie basi!"

Aliufuta ubao polepole kwa kitambaa. "Niwaambie nini, mama? Kwamba nimempiga mtoto aliyeshusha mikono akaniita baba?"

Kwa hiyo alilisikia lile neno. Sikumwomba tena.

Tipa alipona, akarudi ulingoni, akapata sifa zake Mwanza na Shinyanga, ingawa Dar es Salaam haikumwita. Siku hizi anafundisha vijana Bunda, katika banda la mabati karibu na stendi, naye ana mvi na tumbo. Mimi nimekuwa mwalimu, naishi Nyasho ile ile, na nyumba ya baba nimeiongeza vyumba viwili. Palipokuwa na kibanda cha video sasa wanauza simu. Vijana hukaa hapo kwenye pikipiki zao wakisubiri abiria, wameinamia vioo, wanabishana kama wale wanaume wa buchani: bondia wa zamani na wa sasa, nani angemwangusha nani. Tofauti ni kwamba wao wanaweza kuirudisha ngumi nyuma, kuisimamisha hewani, kuiangalia inavyopinda shavu. Wana mashine zinazopima uzito wa ngumi na kutoa namba. Nawaonea wivu kwa hilo. Ngumi iliyokuwa nzito kuliko zote nilizowahi kuziona haikupigwa picha na mtu yeyote. Mwezi uliopita nilipita hapo nikasikia kijana mmoja akisema Tipa ndiye bondia mwenye ngumi nzito kuliko wote waliotoka mkoa wa Mara. Nilisimama. Miaka yote hii, na bado nilisimama. Kisha nikanunua vocha, nikaenda zangu.

Mama hayupo tena, na baba sasa hatoki. Macho yamefifia, anatambua watu kwa hatua zao. Tipa huja kila Jumapili kutoka Bunda kumwogesha na kumnyoa, kwa sababu baba hataki kuogeshwa na binti, na mwanaume mwingine hamtaki. Mimi ninayempikia, ninayemfulia, ninayeamka naye akikohoa, nasikia kicheko chake kupitia mlango wa bafu, kicheko ambacho hakinijii mimi siku za katikati ya wiki. Jumapili iliyopita mvua ilikata barabara ya Bunda, saa zikapita. Niliingia na chai. Baba akainua kichwa haraka.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, baba."

"Ahaa." Akakishusha kichwa. "Na mwenzako, bado?"

Niliweka kikombe mahali mkono wake unapokifikia. Nilitaka kumwambia kwamba sina mwenzangu, kwamba nilizaliwa kwake na huyo mwingine alikuja tu na kilo mbili za sukari. Badala yake nilijitanda khanga, nikatoka barazani, nikasimama kwenye manyunyu nikiangalia kila bajaji inayokata kona kutoka upande wa stendi ya Musoma, nikikasirika kila ilipopita bila kusimama.